Kukagua kigawa-kumbukumbu cha xv6 chenye orodha kwa kila CPU: mkaguzi aanzie wapi?

Juma_Moro

Wakuu, habari za jioni.

Tuko kikundi kidogo tunajisomea mifumo endeshi kwa kutumia xv6, ile kerneli ndogo ya kufundishia ya MIT, toleo la RISC-V. Tumefikia kazi mbili zinazogusa faili moja, kalloc.c. Ya kwanza ni kuigawa orodha ya kurasa huru ili kila CPU iwe na yake, CPU zisigombee kufuli (lock) moja. Ya pili ni kuweka hesabu ya watumiaji wa kila ukurasa, ili fork (kuzaa mchakato mtoto) isinakili kumbukumbu mpaka pale mmoja wao atakapoandika. Mwenzetu mmoja amezitia zote mbili kwenye kiraka (patch) kimoja, na mimi nimepewa kazi ya kukikagua kabla hatujakipokea.

Nimekisoma. Kinasomeka vizuri, testi zake, kalloctest na usertests, zote zinapita. Lakini nikiiacha grind (programu ya kuisumbua kerneli) iende muda mrefu, mara mojamoja kerneli inakufa. Nimepata "panic: release", na siku nyingine nikapata kerneltrap yenye scause 0xd (sababu ya hitilafu) na stval 0x0101010101010101 (anwani iliyoleta hitilafu). Nikirudia haitokei. Mwenzangu anasema tatizo ni QEMU, mashine ya kuigiza inayoendesha xv6 kwenye laptopu yangu.

Vipande vyenyewe ni hivi (cpuid() inatoa namba ya CPU uliyopo, na PIDX inageuza anwani ya ukurasa kuwa nafasi yake kwenye hesabu, ref.cnt):

```
void kinit() {
  char jina[8];
  for(int i = 0; i < NCPU; i++){
    snprintf(jina, sizeof(jina), "kmem%d", i);
    initlock(&kmem[i].lock, jina);
  }
  initlock(&ref.lock, "ref");
  freerange(end, (void*)PHYSTOP);
}

// kufuli la id linakuwa tayari limeshikwa
static struct run *iba(int id) {
  struct run *r = 0;
  for(int i = 0; i < NCPU && r == 0; i++){
    if(i == id) continue;
    acquire(&kmem[i].lock);
    r = kmem[i].freelist;
    if(r) kmem[i].freelist = r->next;
    release(&kmem[i].lock);
  }
  return r;
}

void *kalloc(void) {
  struct run *r;
  acquire(&kmem[cpuid()].lock);
  r = kmem[cpuid()].freelist;
  if(r)
    kmem[cpuid()].freelist = r->next;
  else
    r = iba(cpuid());
  release(&kmem[cpuid()].lock);
  if(r){
    memset((char*)r, 5, PGSIZE);
    ref.cnt[PIDX(r)] = 1;
  }
  return (void*)r;
}
```

Na kwenye kfree, baada ya zile cheki za kawaida za anwani:

```
  acquire(&ref.lock);
  ref.cnt[PIDX(pa)]--;
  release(&ref.lock);
  if(ref.cnt[PIDX(pa)] > 0)
    return;
  memset(pa, 1, PGSIZE);
  // kisha ukurasa unarudishwa kwenye orodha ya kmem[cpuid()]
```

Nimepita mstari kwa mstari, na kila mstari ukiutazama peke yake uko sawa. Mtu aliyezoea kukagua kazi ya namna hii anaanzia wapi?

---

kamau_254

Juma, QEMU haina kosa. Hiyo stval imejaa 0x01 baiti zote nane, na kwenye kerneli hiyo kuna sehemu moja tu inayopaka kumbukumbu 0x01: memset ya kfree. Maana yake kuna mtu ameuchukua ukurasa uliotoka kupakwa, akasoma baiti nane za mwanzo akidhani ni pointa ya ukurasa unaofuata. Scause 0xd ni 13, yaani hitilafu ya kusoma anwani isiyo na ukurasa. Kwa hiyo tafuta ni vipi kfree inaweza kuupaka ukurasa ambao tayari umo kwenye orodha.

Niko kazini, nitarudi.

---

Rehema_kerneli

Juma, umefanya jambo la maana kuziandika hizo namba kama zilivyotoka. Kamau amekupa njia sahihi. Ngoja nikueleze ninavyokagua mimi, kisha tukipitie kiraka chenyewe.

Kwenye kigawa-kumbukumbu mimi siifuati mistari, naufuata ukurasa. Nachukua ukurasa mmoja, nauita P, na kwa kila hatua nauliza: sasa hivi P ni wa nani? Majibu yanayokubalika ni matatu. P umo kwenye orodha ya CPU fulani, na yeyote anayeigusa orodha hiyo ameshika kufuli lake. Au P umo mkononi mwa funksheni moja, ndani ya kigeu chake, na hakuna mwingine anayeujua. Au P umeshatolewa, na wanaoutumia ni wengi sawasawa na ref.cnt inavyosema. Nikifika mahali ambapo P una wenyewe wawili wasiojuana, au hauna mwenyewe kabisa, nimeshaipata kasoro, hata kama mstari umeandikwa vizuri namna gani. Ndiyo maana ulipita mstari kwa mstari ukaona salama: hakuna mstari mbaya hapo, ubaya uko kati ya mstari na mstari.

Tuanze na kfree, maana ndiyo inayoharibu kumbukumbu kimyakimya.

Mzazi amefanya fork, mtoto amezaliwa, wote wawili wanautumia P, hesabu ni 2. Mzazi yuko CPU 0, mtoto yuko CPU 1, na wote wanaandika kwenye ukurasa huo karibu kwa wakati mmoja. Kila mmoja anapata hitilafu ya ukurasa, anajichukulia ukurasa mpya, ananakili, kisha anaita kfree(P). CPU 0 inashika kufuli, inapunguza hesabu kuwa 1, inaachia. CPU 1 inashika, inapunguza kuwa 0, inaachia. Sasa ndipo CPU 0 inafika kwenye ile if, inasoma hesabu: 0. CPU 1 nayo inasoma: 0. Kila moja inaamini ndiyo ya mwisho. P umeachiwa huru mara mbili.

Sasa fuata baiti. CPU 0 inaupaka P kwa 0x01, inaandika next, inauweka kichwani mwa orodha yake. Sekunde hiyohiyo CPU 1 inaupaka P tena. Ile next iliyoandikwa na CPU 0 imefutika, mahali pake pana 0x0101010101010101. CPU 0 ikiita kalloc wakati huo inapewa P, na kichwa cha orodha yake kinakuwa hiyo namba. kalloc inayofuata inakiona kichwa si sifuri, inajaribu kusoma r->next, na hapo unapata kerneltrap uliyoiona.

Hiyo ndiyo bahati nzuri, kwa sababu kerneli imekufa karibu na kosa. Bahati mbaya ni CPU 1 ikiwahi kumaliza kabla ya kalloc hiyo. Inaandika next yake, kwa hiyo P unaelekeza kwenye orodha ya CPU 1, huku ukiwa bado ni kichwa cha orodha ya CPU 0. Kurasa zote zilizokuwa za CPU 0 zimepotea, na orodha mbili zenye makufuli mawili tofauti sasa zina kurasa zilezile. Baada ya hapo michakato miwili inapewa ukurasa mmoja kila mmoja akidhani ni wake. Hutaona panic yoyote. Utaona faili limeharibika, au sh inafanya mambo usiyoyaelewa, na utakwenda kudibagi sehemu isiyohusika kabisa. Kasoro kama hii mimi siipokei hata kama inatokea mara moja kwa mwezi.

Dawa yake: kupunguza na kuamua viwe tendo moja. Unaweza kuisogeza if iingie ndani ya kufuli, na itakuwa sahihi. Lakini nakuomba umpinge mwenzako hapo, maana ref.lock ni kufuli moja kwa mashine nzima na kila kfree inalipitia. Tumegawa orodha ili CPU zisigombane, halafu tunazipanga foleni upya mlangoni. Afadhali hivi:

```
int n = __sync_sub_and_fetch(&ref.cnt[PIDX(pa)], 1);
if(n < 0) panic("kfree: ref");
if(n > 0) return;
```

Kwenye RISC-V hiyo inakuwa amri moja ya amoadd, na jibu la n ni lako peke yako: katika CPU mbili, ni moja tu itakayopata 0. Usisome tena ref.cnt baada ya hapo. Hiyo cheki ya n < 0 iacheni ibaki (ila freerange, inayojaza orodha mashine ikiwaka, iweke kwanza hesabu ya kila ukurasa kuwa 1 kabla ya kuita kfree, la sivyo itapiga panic hapohapo), ni msaada mkubwa kwa mtu atakayekosea miezi ijayo. Na kama hesabu inaongezwa sehemu nyingine kwa kulishika ref.lock, nako ibadilike kuwa ya aina hii, maana tendo la amo haliheshimu kufuli la mtu.

Sasa "panic: release". Hii imo kwenye kalloc, na inahitaji ujue kwamba ndani ya syscall, xv6 inaruhusu makatizo (interrupts). Tazama acquire(&kmem[cpuid()].lock). Kwanza cpuid() inajibu, tuseme 0. Kabla acquire haijaanza kazi, katizo la saa linapiga, mchakato unatolewa kwenye CPU, na unaporudi unaendelea CPU 1. Ile hoja imeshahesabiwa, kwa hiyo unashika kufuli la 0. Kuanzia hapo makatizo yamezimwa na acquire, lakini cpuid() ukiiuliza tena inajibu 1. Unatoa ukurasa kwenye orodha ya 1 bila kufuli lake, kisha unaachia kufuli la 1 ambalo hukulishika. release inakagua mwenye kufuli, inakuta si wewe, inapiga panic. Tena ishukuruni hiyo cheki, kwa sababu orodha ya 1 imeshachezewa bila ulinzi.

Hapa kuna jambo ambalo wakaguzi wengi wanalipitia juujuu. Wanaona cpuid() bila push_off (inayozima makatizo), wanaandika "zima makatizo", wanaondoka. Lakini mwenzako angeiita cpuid() mara moja tu, akaiweka kwenye id na kuitumia hiyohiyo mpaka mwisho, programu ingekuwa sahihi hata akihamishwa CPU. Angekuwa ameshika kufuli la orodha ya 0 na anaigusa orodha ya 0. Tofauti ni kwamba anatumia orodha ya jirani, anachelewa kidogo. Kosa lenyewe ni kuuliza swali mara mbili na kudhani jibu ni lilelile. Mwambie hivyo, ataelewa sababu na hatalirudia kwenye faili jingine. Kisha aweke push_off() mwanzoni na pop_off() mwishoni, kwa sababu maelezo ya cpuid() yenyewe ndani ya proc.c yanataka makatizo yawe yamezimwa.

La tatu hujakutana nalo bado, lakini limo. Maoni juu ya iba() yanasema kufuli la id linakuwa limeshikwa. CPU 0 imeishiwa, imeshika kufuli la 0, inataka la 1. CPU 1 nayo imeishiwa, imeshika la 1, inataka la 0. Makatizo yamezimwa pande zote mbili. Zitazunguka hapo mpaka uizime QEMU, bila ujumbe wowote. Linahitaji orodha ya 0 iwe tupu pamoja na nyingine kwa wakati mmoja, na kwa MB 128 za xv6, sawa na kurasa 32,768 ukijumlisha na zile zinazokaliwa na kerneli yenyewe, hali hiyo ni nadra kwenye testi fupi. Achia kufuli lako kwanza, ndipo ukaibe:

```
  push_off();
  int id = cpuid();
  acquire(&kmem[id].lock);
  r = kmem[id].freelist;
  if(r) kmem[id].freelist = r->next;
  release(&kmem[id].lock);
  if(r == 0) r = iba(id);
  pop_off();
```

Kwa mpangilio huu hakuna wakati ambapo kalloc inashika makufuli mawili. Mimi napendelea hivyo kuliko kupanga utaratibu wa nani ashikwe kwanza, kwa sababu utaratibu unahitaji kila atakayekuja aukumbuke.

Ina gharama moja, iandikeni kwenye maoni. iba() inapita orodha moja baada ya nyingine. Inaweza kuiona ya 0 iko tupu, ikasogea, na nyuma yake mtu akarudisha ukurasa kwenye ya 0. Mwisho wake kalloc inarudisha sifuri ingawa ukurasa upo. Mimi ningelipokea hilo. Mwitaji wa kalloc ni lazima awe tayari kupokea sifuri kwa vyovyote.

Na kinit. Hii ni ndogo kwa sura, lakini tafadhali usiiache. initlock hainakili jina, inahifadhi pointa tu. jina[8] liko kwenye staki ya kinit. Funksheni ikirudi, makufuli yote manane yanaelekeza sehemu moja ambayo si yao tena. Sasa kumbuka kalloctest inavyopima: inajumlisha migongano ya makufuli ambayo jina linaanza na "kmem". Baiti hizo zikifunikwa na kitu kingine, hakuna jina litakalolingana, jumla inatoka sifuri, testi inaandika OK. Inawezekana kabisa kalloctest yenu "inapita" kwa sababu haijapima chochote. Weka safu ya majina iwe static, uiendeshe upya, na uone kwa macho yako mistari ya kmem0, kmem1 na kuendelea ikitokea kwenye ripoti.

Mazuri nayo uyataje: memset zote ziko nje ya makufuli. Kuandika baiti 4,096 huku umeshika kufuli ni kuwachelewesha wengine bure, na yeye amelikwepa hilo.

---

kamau_254

Nimerudi, na Rehema amemaliza sehemu kubwa. Naongeza mawili kutoka upande wa Linux, ambako ndiko ninakoshinda.

Kwanza, hilo suala la kuhamishwa CPU katikati si la wanafunzi peke yao. SLUB, kigawaji ambacho Linux inakitumia kwa vitu vidogo, kimejengwa kulizunguka. Kwenye njia yake ya haraka, kwa miaka mingi kilikuwa hakishiki kufuli wala hakizimi makatizo. Kila CPU ilikuwa na namba iliyoongezeka kila tendo, na ndani ya namba hiyo mlikuwa na utambulisho wa CPU. Wakati wa kubadilisha kichwa cha orodha kililinganisha kichwa na namba kwa pamoja; ukiwa umehamishwa, namba haikulingana, ulianza upya. Kwa hiyo Juma ukisoma mm/slub.c ya matoleo hayo usishangae kuona wanasoma pointa ya CPU bila ulinzi. Ulinzi upo, umewekwa mwishoni badala ya mwanzoni. Tena kukagua kigawaji kimoja ni kazi kubwa kiasi kwamba wenyewe waliamua kupunguza: vigawaji vingine viwili viliondolewa, SLOB kwenye toleo la 6.4 mwaka 2023, na SLAB ya zamani kwenye 6.8 mwaka 2024. Imebaki SLUB.

Pili, sikubaliani kabisa na kuiba ukurasa mmojammoja. freerange inaendeshwa na CPU 0 wakati wa kuwaka, kwa hiyo kurasa zote zinaanzia orodha ya 0. CPU 1 na 2 zinaanza zikiwa tupu, na kila kalloc yao itakwenda kwa 0 mpaka zitakapopata kurasa zao kupitia kfree. Linux huchukua kurasa kwa mafungu kutoka kigawaji kikuu kwenda kwa kila CPU. Bonwick, aliyeleta wazo la slab kwenye Solaris mwaka 1994, alirudi na Adams mwaka 2001 na tabaka la kila CPU, na msingi wake ulikuwa huohuo: chukua fungu, usichukue kimoja. Ningeiba hata 32 kwa mpigo.

---

Rehema_kerneli

Kamau, kwa mashine ya kweli nakubaliana nawe. Kwa kiraka hiki ningeomba fungu lije baadaye, kama kiraka cha pili. Sababu ni ileile ya kuuliza P ni wa nani. Ukiiba 32, moja unamrudishia mwitaji, 31 zimo kwenye kigeu chako, umeachia kufuli la jirani na hujashika la kwako. Kwa muda huo hazimo kwenye orodha yoyote. CPU nyingine ikipita orodha zote itaona hakuna kitu, itarudisha sifuri huku kurasa 31 ziko njiani. Kumbukumbu ikikaribia kuisha, hilo litaua michakato isiyostahili kufa. Lina dawa, lakini ni mjadala wa peke yake na unastahili kiraka chake na testi yake. Kuna na gharama ya kuhesabu kurasa 32 ukiwa umeshika kufuli la mwenzako, kwa kuwa orodha hiyo haijui urefu wake.

Juma, kabla hujamwandikia mwenzako, zithibitishe kasoro hizi. Mkaguzi anayesema "nadhani pana mbio (race) hapa" anajibiwa "kwangu inapita". Ipanue nafasi ya kosa: weka jibu la kwanza la cpuid() kwenye kigeu, halafu kitanzi tupu cha kupoteza muda, ndipo acquire. Katizo la saa litaangukia humo na panic: release itakuja haraka. Kwenye kfree weka kitanzi kama hicho kati ya release na ile if. Endesha kwa make CPUS=8 qemu, maana ukiacha bila kusema unapata CPU 3.

Kwa ule mkwamo wa makufuli mawili, punguza PHYSTOP (mwisho wa kumbukumbu ya mashine) ili kumbukumbu iishe upesi. Ukifanya hivyo usitumie usertests kama kipimo, kwa sababu sbrkmuch inataka MB 100 na itaanguka bila kosa la kiraka. Tumia grind, au programu fupi inayofanya fork na sbrk (kuomba kumbukumbu) mfululizo. Ukirudisha PHYSTOP mahali pake ndipo uendeshe usertests yote mpaka mwisho, kwa sababu inahesabu kurasa huru kabla na baada, na ikilalamika kwamba kurasa zimepotea, msiipuuze.

---

Juma_Moro

Dada Rehema, kaka Kamau, asanteni sana. Nimeweka kitanzi kwenye kalloc na panic: release imekuja muda mfupi baada ya kuanzisha grind. Nimebadilisha majina yawe static, na kweli, sasa kalloctest inaonyesha mistari ya kmem ambayo mwanzo haikuwepo kabisa. Kwa hiyo ile OK ya mwanzo haikuwa na maana.

Linalonipa shida sasa ni namna ya kumwambia. Huyu ni mkubwa kwangu, ndiye aliyenifundisha pointa, na kiraka kimemchukua muda. Sitaki aone nimemvunjia heshima mbele ya kikundi.

---

Rehema_kerneli

Mwandikie yeye kwanza, kabla ya kikundi, na umpelekee ushahidi kuliko hukumu. Anza na kinachorudiwa: "Kaka, nikiweka kitanzi hiki hapa, inaanguka hivi, na nadhani mpangilio ni huu," kisha chora safu mbili, CPU 0 kushoto na CPU 1 kulia, hatua kwa hatua. Mchoro huo unaongea wenyewe. Usimwandikie "hukuzima makatizo". Mwandikie "mchakato unaweza kuhamishwa kati ya hapa na hapa". Sentensi ya kwanza inamtaja yeye, ya pili inautaja ukurasa.

Na kasoro za kweli zitenganishe na mapendeleo yako. Hesabu ya kfree, cpuid() mara nyingi, makufuli mawili na jina la kwenye staki: hizo nne zinazuia kiraka, ziseme wazi. Mengine kama majina ya vigeu, yaweke mwisho na useme ni hiari yake.

---

Juma_Moro

Nimefanya hivyo, na amelipokea vizuri kuliko nilivyotegemea. Kiraka kipya kimekuja jana usiku, na grind imekesha bila kuanguka. Ameniuliza swali moja nikashindwa kulijibu kwa uhakika: kama kfree sasa inatumia tendo la atomiki kwenye ref.cnt, kwa nini kalloc inaruhusiwa kuandika ref.cnt = 1 hivihivi bila ulinzi wowote? Yeye anataka kuweka atomiki na hapo pia kwa usalama.

---

Rehema_kerneli

Swali zuri, na jibu linatoka kwenye P ni wa nani. Wakati kalloc inaandika 1, P umeshatolewa kwenye orodha chini ya kufuli, na pointa yake imo kwenye r tu. Hakuna mchakato wenye P kwenye jedwali lake la kurasa, kwa hiyo hakuna anayeweza kuita kfree wala kuongeza hesabu. Hakuna wa kushindana naye. Fork nayo iko salama kwa sababu kama hiyo: mzazi anapoongeza hesabu, yeye mwenyewe tayari ni mmoja wa waliohesabiwa, kwa hiyo haiwezi kushuka hadi 0 katikati ya kazi yake. Anayeshughulikia hitilafu ya ukurasa akisoma 1 anaweza kuuandika ukurasa huo bila kunakili, kwa maana hiyo 1 ni yeye, na mchakato wa xv6 una uzi mmoja tu.

Atomiki ya ziada haitaharibu kitu, ila itamdanganya msomaji kwamba kuna mtu mwingine wa kuogopwa hapo, naye atapoteza muda kumtafuta. Afadhali maoni ya mistari miwili juu ya mstari huo:

```
// P umetoka kwenye orodha na hakuna jedwali lenye P bado:
// r ndiye mwenyewe pekee, kwa hiyo hakuna kufuli.
ref.cnt[PIDX(r)] = 1;
```

Akishayaweka hayo, mimi kwa upande wangu ningekipokea kiraka.